Newton: Mji wa Mahindi Uliogeuka Mji wa Mashine za Kufulia

Kazi ya kukata kamba za miganda iliwagharimu watu wengi vidole vyao. Mashine ya kupuria ya mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa na pipa lenye meno ya chuma, lililozunguka kwa kasi ya kutisha kwa nguvu ya injini ya mvuke iliyounganishwa nalo kwa mkanda mrefu. Mbele ya mdomo wake walisimama wanaume. Mmoja alikata kamba iliyofunga mganda wa ngano au oti, mwenzake akautawanya na kuulisha mashine kwa mikono. Kutwa nzima kisu kilipita karibu na viganja vya mtu mwingine, katikati ya vumbi na kelele. Mlishaji aliyejikwaa angeweza kuvutwa ndani pamoja na mganda wake.

Newton, makao makuu ya wilaya ya Jasper katika jimbo la Iowa, ilikuwa na mtu aliyebuni kifaa cha kuzifanya kazi hizo mbili bila mkono wa binadamu. Jina lake George Parsons. Kifaa chake kilifungwa kwenye mdomo wa mashine ya kupuria, kikakata kamba na kuingiza mganda ndani kwa mpangilio. Mwaka 1893 watu wanne wa mji huo, kila mmoja akitoa dola 600, walianzisha kampuni ya kukitengeneza. Mtaji wote ulikuwa dola 2,400. Mmoja wa wanne hao alikuwa Frederick Louis Maytag, mtoto wa wahamiaji wa Kijerumani, aliyezaliwa mwaka 1857 karibu na Elgin, Illinois, akakulia shambani Iowa na kufika Newton kuuza zana za kilimo. Hakuwa mhandisi. Alikuwa muuzaji, na kipaji chake kilikuwa kujua mkulima ana shida gani na yuko tayari kulipa nini ili aepukane nayo.

Kabla ya kumfuata Maytag, tuutazame mji wenyewe, maana bila mji huo kampuni yake haieleweki.

Mwaka 1900 Newton ilikuwa na watu wasiofika 4,000. Iko kilomita 50 hivi mashariki ya Des Moines, kwenye reli ya Rock Island, katikati ya udongo mweusi ambao Wamarekani wenyewe huutaja kwa majivuno. Miji ya aina hiyo ilitapakaa kote katika majimbo ya Magharibi ya Kati: Iowa, Illinois, Minnesota, Nebraska na jirani zao. Mingi ilipandwa na kampuni za reli zenyewe, stesheni moja baada ya nyingine, kwa umbali ambao mkulima angeweza kuuendesha kwa gari la farasi lenye shehena ya mahindi na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwato za farasi ndizo zilizopanga ramani.

Ukishuka treni katika mji wowote kati ya hiyo, ungekutana kwanza na ghala refu la nafaka pembeni mwa reli, jengo lililoonekana maili kadhaa kabla ya mnara wa kanisa. Halafu zizi la kupakilia ng'ombe na nguruwe, yadi ya mbao, bohari ya makaa ya mawe. Ukiingia barabara kuu: benki ya matofali kwenye kona, duka la bidhaa mchanganyiko, duka la vifaa vya chuma, duka la dawa, kinyozi, mtengeneza hatamu na matandiko ya farasi, ofisi ya gazeti la kila wiki. Nyuma kidogo, mahali ambapo moshi na harufu ya kwato zilizounguzwa havikumkera mke wa mwenye benki, palikuwa na mhunzi. Jumamosi jioni maduka yalichelewa kufungwa, kwa kuwa hiyo ndiyo siku wakulima walikuja mjini na familia zao.

Biashara nyingi za mji huo zilisimama katikati ya njia. Mwenye ghala alinunua nafaka kwa mkulima na kuipeleka Chicago. Mwenye duka alinunua vitambaa, sukari na misumari Chicago na kumuuzia mkulima. Mwenye benki aliuza fedha kabla ya mavuno na kuzidai baada yake. Kila mmoja alichukua chake, na mkulima alijua. Mke wa mkulima alileta mayai na siagi, akapewa si fedha taslimu bali haki ya kuchukua bidhaa dukani. Madeni mengine yaliandikwa daftarini hadi mazao yauzwe. Mfumo huo ulikuwa na ubinadamu wake: mwaka wa ukame mwenye duka alivumilia, naye hakutarajia asante. Lakini ulikuwa pia na bei yake, na bei hiyo ilifichwa ndani ya kila paketi ya kahawa.

Ghala la nafaka ndilo lililochukiwa kuliko yote. Kampuni zilizomiliki maghala mengi kwenye reli moja zingeweza kukubaliana bei ya kununulia, na mkulima mwenye mahindi garini hakuwa na pa kwenda. Huko Rockwell, kaskazini mwa Iowa, wakulima walianzisha ushirika wao mwaka 1889 wakaendesha ghala lao wenyewe. Wapinzani walijaribu kuuangusha kwa mbinu ya zamani: walipandisha bei kwa muda ili wanachama wauze kwao, ushirika ufe, kisha bei irudi chini. Dawa ya Rockwell ilikuwa kanuni moja ya busara sana. Mwanachama aliruhusiwa kumuuzia yeyote aliyempa bei nzuri, ila kwa kila busheli aliyouza nje alilazimika kuupa ushirika wake ada ndogo. Kwa hiyo kila mpinzani alipopandisha bei, alikuwa akiugharimia ushirika ule ule aliotaka kuuzika. Kanuni hiyo iliigwa na vyama vingi vilivyofuata.

Kiwanda cha siagi nacho kilikuwa na hadithi yake ya haki. Zamani mkulima alilipwa kwa uzito wa maziwa, na aliyetia maji alipata zaidi ya jirani yake mwaminifu. Mwaka 1890 Stephen Babcock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alitangaza kipimo rahisi: unachanganya maziwa na asidi ya salfa ndani ya chupa yenye shingo nyembamba, unaizungusha kwenye mashine, kisha unasoma kiasi cha mafuta kilichopanda shingoni. Karani yeyote wa kijijini angeweza kukifanya. Babcock hakukikatia hataza. Ninathubutu kusema chupa ile ilifanya kazi kubwa kuliko mahubiri mengi juu ya uaminifu, na ndiyo iliyowezesha viwanda vya siagi vya ushirika kuenea Minnesota na Wisconsin bila majirani kugombana.

Pigo kubwa zaidi kwa wafanyabiashara wa barabara kuu lilitoka ndani ya stesheni ya treni. Mwaka 1886 kijana mmoja, Richard Sears, alikuwa wakala wa reli North Redwood, Minnesota. Sonara wa hapo alikataa kupokea shehena ya saa za mfukoni. Sears alizichukua yeye, akawauzia mawakala wenzake wa stesheni nyingine na kupata faida nzuri. Miaka michache baadaye jina lake lilikuwa kwenye katalogi nene iliyotumwa kutoka Chicago, na ndani yake mlikuwa na majembe, cherehani, viatu, piano na majeneza. Mshindani wake, Montgomery Ward, alikuwa ameanza biashara hiyo tangu 1872. Mkulima sasa alikaa mezani jikoni na kuona bei ambazo mwenye duka hakutaka azione.

Serikali iliongeza kuni motoni. Mwaka 1896 posta ilianza kujaribu kupeleka barua hadi mashambani bila malipo, na tarehe 1 Januari 1913 ikaanzisha huduma ya vifurushi. Wenye maduka wa miji midogo waliipinga kwa nguvu zote. Mwanzoni kifurushi hakikuruhusiwa kuzidi ratili 11, yaani kilo 5 hivi, lakini kiwango hicho kilipandishwa haraka. Katika siku tano za kwanza ofisi za posta 1,594 zilihudumia vifurushi zaidi ya milioni nne. Katika baadhi ya miji wafanyabiashara waliwahamasisha watu kuleta katalogi zichomwe moto hadharani. Moto ule haukushusha bei ya hata jozi moja ya viatu.

Halafu gari la Ford. Model T ilitoka mwaka 1908 kwa bei ya dola 850, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 aina yake ya bei nafuu iliuzwa kwa dola 260. Iowa ikawa miongoni mwa majimbo yaliyoongoza kwa wingi wa magari kulingana na idadi ya watu. Mkulima aliyezoea mji wa kilomita nane sasa aliweza kwenda wa kilomita arobaini, kwenye maduka makubwa zaidi. Mhunzi mwenye akili aliondoa tanuri akaweka pampu ya petroli. Mtengeneza hatamu hakuwa na cha kubadilisha. Vijiji vidogo vilivyokuwa na duka moja na kanisa moja vilianza kukauka wakati huo, miaka mingi kabla ya barabara kuu za lami kulaumiwa kwa hilo.

Mji uliosimama katikati ya njia, basi, ulikuwa hatarini kila njia mpya ilipofunguliwa. Newton ilinusurika kwa kuwa ilikuwa na kitu kingine.

Turudi kwa Maytag. Vifaa vya Parsons viliuzika, japo vile vya mwanzo viliharibika shambani na Maytag alilazimika kusafiri kuwatuliza wateja. Kampuni ikakua hadi kuwa kati ya watengenezaji wakubwa kabisa wa vifaa hivyo Marekani. Lakini ilikuwa na ugonjwa mmoja usiotibika: majira. Mkulima hununua kifaa cha kupuria kabla ya kupura, na msimu wa kupura huisha baada ya majuma machache. Miezi iliyobaki mitambo ya kiwanda ililala, mafundi wakaondoka, na wale wazuri hawakurudi. Kiwanda kilifuata kalenda ya shamba, nayo kalenda hiyo haimpi mshahara mtu wa mjini wakati wa theluji.

Maytag alitafuta kitu cha kutengeneza wakati huo. Alitaka kitu ambacho mkulima yule yule angekihitaji, kinachoweza kuuzwa na mawakala wale wale, na kisichofungwa na mvua wala jua. Jibu lilikuwa ndani ya nyumba ya mkulima, upande ambao wauza zana hawakuwa na desturi ya kuutazama.

Jumatatu ilikuwa siku ya kufua nchi nzima. Mwanamke wa shambani aliamka mapema kuliko siku nyingine, akateka maji kisimani, akayabeba ndoo kwa ndoo, akawasha moto, akachemsha nguo, akazisugua kwenye ubao wa mabati yenye mikunjo, akazisuuza, akazikamua kwa mikono na kuzianika, kisha akayamwaga maji machafu aliyoyabeba mwenyewe. Suruali ya kazi iliyojaa matope ya zizi la nguruwe ilitaka nguvu za mwanamume, ila mwanamume alikuwa shambani. Mumewe alikuwa tayari na mashine ya kuvunia, ya kupandia, ya kupuria na ya kumenyea mahindi. Mkewe alikuwa na ubao.

Mashine ya kwanza ya kampuni, iliyoitwa Pastime, ilitoka mwaka 1907. Lilikuwa pipa la mbao za msipresi lenye vigingi vilivyozungushwa kwa mkono kuburuta nguo ndani ya maji. Jina lilidai kwamba kufua sasa ni burudani, dai ambalo huenda halikuwashawishi wengi waliokishika kile kipini. Mwaka 1909 ilifuata nyingine, Hired Girl, yaani msichana wa kazi, iliyoweza kuendeshwa kwa mkanda kutoka kwenye injini ya nje. Jina hili lilikuwa la kweli zaidi: wasichana wa kazi walikuwa wakihamia mijini na mke wa mkulima hakuwapata tena kwa urahisi. Mwaka 1911 ilitoka ya umeme.

Umeme, hata hivyo, ulikuwa wa watu wa mjini. Hata mwaka 1930 ni shamba moja tu kati ya kumi nchini Marekani lililokuwa na umeme. Kampuni nyingi za Chicago na za mashariki zilitengeneza mashine za umeme na kuyasahau yale tisa mengine. Maytag aliyejifunza biashara kwa kuwauzia wakulima hakuyasahau. Kufikia mwaka 1915 kampuni yake ilikuwa ikiuza mashine yenye injini yake ndogo ya petroli, iliyowashwa kwa kukanyagwa kwa mguu, na moshi wake ukatolewa nje ya nyumba kwa bomba linalopindika. Fundi mkuu wa mambo haya alikuwa Howard Snyder, mtu ambaye hadithi za viwanda vya Marekani hazimtaji mara nyingi kama anavyostahili. Wenye mashine hiyo waliweza kununua pia kifaa cha kusukia siagi na cha kusagia nyama, vyote vikiendeshwa na injini ile ile. Mwanamke wa shambani hatimaye alikuwa na injini yake.

Kati ya mafanikio hayo kulikuwa na upumbavu mmoja wa gharama kubwa. Maytag alipenda magari. Mwaka 1909 alinunua sehemu kubwa ya kampuni ya Mason, iliyotengeneza magari yaliyosanifiwa na Fred Duesenberg, kijana aliyezaliwa Ujerumani ambaye baadaye jina lake lilikuja kuwa la magari ya kifahari. Kiwanda kikahamishiwa Waterloo, magari yakapewa jina la Maytag, na baada ya muda mfupi biashara ikamshinda. Alikuwa na mbunifu mmoja wa hali ya juu kabisa katika historia ya magari ya Marekani na bado alishindwa kuyauza. Nadhani sababu haiko mbali: kwenye magari hakuwa na mkulima wake aliyemjua, alikuwa na washindani mamia na Henry Ford mmoja.

Kufua kulimtendea mema. Hakuwa peke yake Newton. Kampuni za One Minute na Automatic zilitengeneza mashine za kufulia katika mji huo huo, na mafundi walihama kutoka kiwanda kimoja hadi kingine na ujuzi wao kichwani. Hilo ndilo lililoipa Newton nguvu ambayo mji wenye kiwanda kimoja pweke haukuwa nayo. Mwaka 1919 kampuni ya Maytag ilifaulu kusubu pipa zima la alumini, kazi ambayo wataalamu wa nje walikuwa wamesema haiwezekani. Mwaka 1922 Snyder akatoa wazo lililobadilisha tasnia yote: badala ya vigingi vya kuburuta nguo kutoka juu, aliweka mapezi chini ya pipa yatikise maji yenyewe na kuyapitisha kwa nguvu ndani ya nguo. Nguo zikatakata haraka na hazikuchanika. Mashine hiyo iliitwa Gyrafoam. Kampuni iliyokuwa ya 38 kwa ukubwa katika tasnia ikapanda hadi ya kwanza kwa miaka michache, na mwaka 1927 ikatimiza mashine milioni moja. Mawakala walizipeleka nyumbani kwa watu siku ya Jumatatu, wakafua mzigo mzima bure, kisha wakaiacha mashine ijitetee yenyewe.

Kumbuka miaka hiyo ilikuwaje nje ya geti la kiwanda. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya mazao ilipaa na wakulima wakakopa kununua ardhi. Ekari moja ya Iowa ilifika wastani wa dola 255 mwaka 1920. Mwaka huo huo bei ya mazao ikaporomoka, madeni yakabaki palepale, na benki ndogo za matofali kwenye kona zikaanza kufunga milango, maelfu yake nchi nzima kabla hata ya anguko la soko la hisa la 1929. Kufikia 1933 ekari ile ile ilikuwa dola 69. Katika miji mingi ya jirani duka lilifuata benki, na gazeti likafuata duka. Newton ilizidi kujenga nyumba. Watu wake walipita 6,600 mwaka 1920 na kufikia 11,560 mwaka 1930, na wengi wa wageni hao walikuwa vijana wa mashamba yaliyoshindwa kuwalisha.

Isidhaniwe kwamba kila mji uliokuwa na kiwanda uliokoka. Muscatine, kwenye Mto Mississippi, ilitengeneza vifungo vya nguo kutoka kwenye makombe ya mtoni tangu Mjerumani John Boepple alipoanza kazi hiyo mwaka 1891. Mwaka 1905 ilitoa vifungo takribani bilioni moja na nusu, zaidi ya theluthi moja ya vifungo vyote duniani. Lakini kombe huchukua miaka kukua na sekunde kuvunwa. Mto ulipochoka, na plastiki ilipokuja, ukubwa ule haukuusaidia mji kitu. Newton haikuchimba wala kuvua chochote chake. Chuma na alumini vilitoka kwingine, na cha kwake kilikuwa ujuzi.

Ujuzi huo, hata hivyo, uliingia ndani ya uzio wa mtu mmoja na familia yake. Maytag alikuwa seneta wa jimbo kwa miaka kumi tangu 1902, na fedha zake zilionekana kila mahali mjini. Katika miaka ya 1920 kampuni iliacha kutengeneza zana za kilimo. Mji uliowahi kuwategemea wakulima elfu kadhaa, ambao hawangeweza kukubaliana wote siku moja kuunyima chakula, sasa ulitegemea ofisi moja ambayo ingeweza. Maytag alifariki mwaka 1937. Mwaka uliofuata kampuni ilitangaza kupunguza mishahara kwa asilimia 10, na wafanyakazi, ambao walikuwa wamejiunga na chama chao muda mfupi kabla, waligoma kuanzia Mei. Gavana Nelson Kraschel alitangaza sheria ya kijeshi na kuwaleta askari wa jimbo wenye bunduki mbele ya kiwanda. Kiwanda kilifunguliwa tena Agosti 1938 chini ya ulinzi wao. Wafanyakazi walirudi kwenye mashine zao, na mshahara ulikuwa umepungua kwa asilimia 10 kama kampuni ilivyotaka tangu mwanzo.